Seminari Sita, Ungamo Moja

Askari yeyote anajua jambo hili. Kurutu wawili wakifunzwa katika depo mbili zilizo mbali, kisha wakakutana katika gwaride moja, amri ya "Nyuma geuka!" ikitolewa watageuka kwa hesabu ile ile. Jana hawakujuana, wala hawakufundishwa na sajini mmoja. Lakini juu ya masajini wao wote yuko mkuu mmoja, na mafunzo yao yametoka katika kitabu kimoja.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, habari za watu waliotafuta umoja wa namna hiyo katika vyuo vyao, hali hawana mkuu wa kutoa amri. Watu hao ni Wabaptisti wa Kusini wa Marekani. Habari zao si ngeni kabisa kwetu Afrika Mashariki, kwa maana wamisionari wao walifika Kenya na Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1962 seminari ya Wabaptisti ikafunguliwa Arusha.

KILA KANISA NA MAMLAKA YAKE

Wabaptisti hawana askofu wala papa. Kila ushirika humchagua mchungaji wake, humlipa, na humwondoa ukitaka. Makanisa hushirikiana kwa hiari tu. Mkutano Mkuu wa Wabaptisti wa Kusini ulianzishwa mwaka 1845 mjini Augusta, Georgia, baada ya wao kutengana na ndugu zao wa Kaskazini kwa ajili ya utumwa. Nao watu wa Kusini ndio waliokuwa upande wa wenye watumwa. Mwaka 1995, miaka 150 baadaye, Mkutano huo uliomba radhi kwa jambo hilo. Kila mwaka wajumbe wa makanisa hukutana, hupiga kura na hupitisha maazimio, lakini azimio lao haliwezi kuliamuru kanisa hata moja.

Basi, watu wa namna hii watapataje wachungaji wenye elimu moja? Swali hili lilimsumbua James Petigru Boyce. Mwaka 1856 alitoa hotuba akitaka mambo matatu. La kwanza, chuo cha dini kiwapokee hata wale wasiosoma shule za juu, kwa sababu makanisa mengi yaliongozwa na watu wa kawaida. La pili, wenye kipaji wapewe elimu ya juu kabisa, wasilazimike kuitafuta kwingine. La tatu, kila mwalimu atie sahihi ungamo la imani kabla ya kufundisha.

Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1859 mjini Greenville, South Carolina, kikiwa na walimu 4 na wanafunzi 26. Ungamo lake lilikuwa na vifungu 20. Mwanafunzi hakutakiwa kulitia sahihi, bali mwalimu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikakifunga mwaka 1862, na kilipofunguliwa tena mwaka 1865 walirudi wanafunzi 7 tu. Katika darasa la kuhubiri la John Broadus alikuwamo mwanafunzi mmoja peke yake, naye alikuwa kipofu. Broadus hakulifunga darasa. Alimwandalia mtu yule mmoja masomo kwa uangalifu, na masomo hayo yakawa msingi wa kitabu kilichotoka mwaka 1870, ambacho kiliwafunza wahubiri kwa vizazi vingi. Mwaka 1877 chuo kilihamia Louisville, Kentucky, na kipo huko mpaka leo.

VYUO VYAONGEZEKA

Nchi ni kubwa, na chuo kimoja hakikutosha. Mwaka 1908 B. H. Carroll alianzisha seminari ya Southwestern huko Texas, nayo ikahamia Fort Worth mwaka 1910. Mwaka 1917 kikaanzishwa chuo cha New Orleans. Mwaka 1944 makanisa ya California yalianzisha seminari ya Golden Gate, ambayo tangu mwaka 2016 inaitwa Gateway. Southeastern ilifunguliwa mwaka 1951 huko Wake Forest, North Carolina, na Midwestern mwaka 1958 mjini Kansas City. Hizo ni seminari sita, na kila moja ina mkuu wake, bodi yake ya wadhamini na desturi zake.

Kamba ya kwanza iliyozifunga pamoja ilikuwa fedha. Zamani kila chuo kilituma watu wake kuzunguka makanisani kuomba mchango, na mchungaji aliyemkaribisha mwombaji wa Jumapili hii alijua kwamba mwingine anakuja Jumapili ijayo. Mwaka 1925, katika kikao cha Memphis, Mkutano Mkuu ulianzisha mfuko mmoja wa ushirikiano. Kila kanisa hutoa kadiri lipendavyo, fedha hupitia mkutano wa jimbo lake, na sehemu hupelekwa kwenye kazi za taifa zima. Seminari hugawana fungu lao kwa kanuni iliyokubaliwa, inayotazama idadi ya wanafunzi. Ndiyo sababu mwanafunzi atokaye katika makanisa hayo hulipa karo ndogo kuliko mgeni, awe Texas au California.

Kamba ya pili ilikuwa kipimo. Wakuu wa seminari walikuwa na baraza lao la kushauriana. Seminari ziliingia pia katika chama cha vyuo vya theolojia cha Marekani, ambacho hukagua walimu, maktaba na masomo, ili shahada ya huku na ya kule ziwe na thamani inayokubalika. Tena zilishirikiana kuwafundisha kwa njia ya posta na madarasa ya karibu wale wachungaji wasioweza kuacha nyumba na mashamba yao.

Kamba hizo mbili hazikumtoa mtu machozi. Ya tatu ndiyo iliyouma.

KAMBA YA TATU

Katika kikao kile kile cha 1925 wajumbe walikubali pia tamko la imani la watu wote. Lilisemwa kuwa ni mwongozo, wala si sheria ya kuifunga dhamiri. Kwa miaka mingi liliishi hivyo. Mwaka 1961 Ralph Elliott, mwalimu wa Midwestern, alitoa kitabu juu ya Mwanzo, akisema kwamba baadhi ya habari za sura za kwanza zifahamike kama mifano yenye mafunzo. Makanisa mengi yalikasirika. Wadhamini walimtaka asikichapishe tena. Akakataa kutoa ahadi hiyo, na mwaka 1962 akaachishwa kazi. Mwaka 1963 tamko la imani likaandikwa upya.

Waliokasirika hawakutulia. Walisema hivi: mwalimu anakula mkate wa makanisa, basi na afundishe yale makanisa yanayoamini, na makanisa yanaamini kwamba Biblia haina kosa lolote. Wenzao wakajibu kwamba wao pia wanaiheshimu Biblia, lakini Wabaptisti tangu zamani walikataa kulazimishwa imani na serikali au na askofu. Je, sasa walazimishwe na kamati?

Tazameni jinsi jambo lilivyotendeka, maana hapakuwa na silaha wala mapinduzi ya usiku mmoja. Rais wa Mkutano Mkuu huteua kamati. Kamati hiyo hupendekeza kamati nyingine. Na hiyo ya pili hupendekeza wadhamini wa seminari, ambao wajumbe huwapigia kura. Wadhamini hawabadilishwi wote kwa mara moja, bali baadhi yao kila mwaka. Kwa hiyo kundi lenye subira likishinda urais mwaka baada ya mwaka, mwishowe bodi zote zitakuwa zake. Kazi hiyo ilianza Houston mwaka 1979, alipochaguliwa Adrian Rogers. Kufikia kikao cha Dallas cha mwaka 1985, wajumbe waliokusanyika walizidi 45,000, na kamati ya kutafuta amani ikaundwa.

Mwaka 1986 wakuu wote sita walikutana na kamati hiyo Glorieta, New Mexico, wakatoa tamko la kukubali kwamba Biblia haina kosa katika jambo lolote. Walitumaini kuleta utulivu. Utulivu haukuja. Mwaka 1987 Randall Lolley, mkuu wa Southeastern, alijiuzulu. Mwaka 1993 Albert Mohler, kijana wa miaka 33, aliwekwa kuwa mkuu wa Louisville, akawataka walimu wafundishe kwa kufuata ungamo la Boyce jinsi lilivyoandikwa, wengi wakaondoka. Mwaka 1994 wadhamini wa Southwestern walimfukuza mkuu wao, Russell Dilday, na kufuli za ofisi yake zikabadilishwa siku ile ile. Mwaka 2000 tamko la imani likaandikwa tena, na ndani yake ikasemwa kwamba kazi ya uchungaji ni ya wanaume. Walimu wa seminari zote sita wakatakiwa kulifuata. Mwaka 2002 hata wamisionari waliokuwa nchi za nje waliombwa kulikubali, na mwaka uliofuata waliokataa wakaachishwa kazi.

Hivyo seminari sita zikawa na sauti moja. Mtu akiuliza swali Louisville, kisha akaliuliza New Orleans, juu ya mambo makuu atapata jibu lile lile. Lakini gharama yake yaonekana wazi. Mwaka 1991 waliotoka waliunda ushirika wao, na mwaka ule ule seminari mpya ikafunguliwa Richmond, Virginia. Mwaka 1994 nyingine ikafunguliwa Waco, Texas. Zile sita ziliunganishwa, na waliokuwa watu wa nyumba moja wakawa majirani wenye ua katikati.

TUNALOJIFUNZA

Si kazi yetu kuamua nani kati yao aliifahamu Biblia vizuri zaidi. Mambo hayo wataulizwa wao. Lakini habari ya vyuo, walimu na viapo inawahusu wote wanaofundisha watu kwa niaba ya wengine, na nani anaijua habari ya kiapo kuliko askari?

Sisi twaona kwamba anayelipa ana haki ya kujua kinachofundishwa. Hilo halina ubishi. Mwalimu aliyetia sahihi ungamo, kisha akafundisha kinyume chake kwa siri, amekosa, kwa kuwa ahadi ni deni. Lakini deni lina pande mbili. Aliyetia sahihi karatasi moja asiambiwe baada ya miaka ishirini kwamba karatasi ni nyingine, au kwamba maneno ni yale yale ila maana yamepata mpya. Askari huapa siku ya kwanza, mbele ya bendera, akiyasikia maneno yote. Kiapo kikibadilika akiwa kazini, na aelezwe waziwazi, apewe nafasi ya kuchagua. Naye akichagua kuondoka, aondoke kwa heshima, asiikute kufuli mpya mlangoni.

Tena, mafunzo hayafanani yote. Kugeuka nyuma hujifunzwa kwa kurudia, na hapo sauti ya sajini yatosha. Mchungaji anayeketi usiku na mama aliyefiwa na mwanawe hana sajini nyuma yake. Ana yale tu aliyoyaamini mwenyewe. Ungamo huweza kumwonyesha mwalimu mipaka ya kazi yake, lakini haliwezi kuamini kwa niaba yake. Boyce alitaka sahihi, naam. Lakini alitaka pia mlango mpana kwa asiyesoma, na elimu ya juu kwa mwenye kipaji. Waliomfuata walipigania sana lile la tatu. Yafaa wakumbuke kwamba hotuba yake ilikuwa na mambo matatu, na kwamba Broadus alilitunza darasa lenye mtu mmoja.