Kioo kinachopima magadi ya Ziwa Nakuru

Tangu mwaka 2010 Ziwa Nakuru limefurika na kumeza nyasi, miti na hata lango la mbuga. Maji mengi yamezimua magadi, na spirulina, chakula kikuu cha heroe mdogo, hustawi penye magadi. Ndege wengi wamehamia maziwa mengine, Bogoria likiwemo. Anayetaka kujua hali ya maji haya huanza na pH, yaani kipimo cha asidi au alkali.

Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia ziwani, ila hakuna mto unaotoka. Jua hukausha maji, magadi yakabaki. Ndiyo sababu pH ya hapa kwa kawaida imekuwa karibu 10, wakati maji matupu yasiyo na chumvi ni 7.

Kinachotumika kupima ni elektrodi ya kioo: kijiti chenye tufe dogo la kioo chembamba mno nchani. Kioo hicho hakivuji. Uso wake ukishalowa hupokea na kuachia ioni za haidrojeni kulingana na wingi wake majini. Ndani ya tufe mna myeyusho wa pH isiyobadilika na uzi wa fedha. Tofauti baina ya ndani na nje huzaa umeme mdogo, takriban milivolti 59 kwa kila hatua ya pH katika nyuzi 25 za Selsiasi. Elektrodi ya pili, yenye umeme thabiti, ni ya kulinganishia. Kwa kuwa kioo hupitisha umeme kwa shida sana, ilibidi Arnold Beckman wa California, mwaka 1934, aunde kifaa chenye kikuza umeme ili kupima ukali wa juisi ya limau.

Maji ya magadi yana mtego wake. Haidrojeni ni adimu, sodiamu ni tele; kioo cha kawaida huipokea sodiamu kana kwamba ni haidrojeni, kikasoma pH ya chini kuliko ilivyo. Ziwa lisilobadilika linaweza kuonekana limepungua magadi.

Kwa hiyo chagua kioo kilichotengenezewa maji ya alkali kali, kisawazishe kwa miyeyusho ya pH 7 na 10, na usikiache kikauke; kihifadhi katika myeyusho wa kloridi ya potasiamu. Kando ya kila namba, andika joto la maji na siku kifaa kiliposawazishwa. Bila hayo, hatutajua kilichobadilika ni ziwa au ni kioo.