Usisugue Picha kwa Kiazi

Mvua ndefu zikianza, swali ni lile lile hapa kwetu Kericho na Bomet, kutoka Litein hadi Silibwet: "Fundi, picha yangu imeingia weusi. Niisugue kwa kiazi au kwa kitunguu?" Picha yenyewe mara nyingi ni nakala ya mkono, ya rangi ya mafuta, ya mchoro maarufu wa tamthilia za tashtiti za Ulaya. Nimelijibu swali hili kwa upole muda mrefu, na bado naletewa picha zilizochubuliwa. Leo nalijibu waziwazi: usiisugue kwa chochote kati ya hivyo viwili.

Kwanza, weusi huo kwa kawaida si uchafu. Chukua mfano wa Honoré Daumier, mchoraji Mfaransa aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita mwaka 1832 kwa kumchora Mfalme Louis-Philippe kama jitu linalomeza mali ya raia. Miaka ya 1860 alichora Crispin na Scapin, watumishi wajanja wa vichekesho vya Kifaransa, mmoja akimnong'oneza mwenzake aliyekunja mikono. Mwanga wao unatoka chini, kwenye taa zilizopangwa ukingoni mwa jukwaa. Unapiga kidevu, unapanda puani, unaacha sehemu kubwa ya picha gizani. Giza hilo limechorwa kwa makusudi, na ndilo linaloonyesha kwamba wawili hawa wanapanga hila. Mnakili mzuri hulihifadhi. Anayeniomba niing'arishe picha "iwe nyeupe" ananiomba niharibu kazi ya msanii.

Sasa kiazi. Wanaokitetea husema kipande hutoka na rangi ya kahawia, na picha hung'aa papo hapo. Kung'aa huko kwa kiasi kikubwa ni maji. Uso mkavu uliofifia ukilowa, rangi huonekana imekolea. Ukikauka, hali hurudi ilivyokuwa. Kinachobaki ni wanga na sukari ya kiazi, vimejificha ndani ya nyufa na mifereji ya brashi. Katika nchi kavu pengine madhara yangechelewa. Hapa Kericho, ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, unakuwa umeilisha kuvu kwa mkono wako. Maji nayo hupenya kwenye nyufa hadi kwenye tabaka la chini. Kanvasi inajivuta, inalegea, na rangi inaanza kubanduka vipande vipande.

Na ule ukahawia kwenye kiazi? Sehemu yake ni vumbi na moshi wa kuni za mikaratusi. Sehemu nyingine inaweza kuwa rangi yenyewe. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Hukomaa kwa kunyonya oksijeni hewani, na tabaka nene huchukua miezi mingi. Nakala za biashara, kama zile zinazochorwa kwa wingi katika kijiji cha Dafen, Shenzhen, China, zinaweza kukunjwa na kusafirishwa kabla hazijakomaa. Tena msanii humalizia kwa mistari myembamba juu kabisa: kona ya mdomo, kope, mng'ao wa jicho. Hiyo ndiyo hutoka kwanza. Nimewahi kuletewa Crispin ambaye mikono na mavazi yalikuwa salama, lakini tabasamu lote limefutwa. Bila tabasamu lile alikuwa mtu yeyote aliyesimama. Tashtiti yote ilikuwa kwenye mistari miwili ya mdomo, na mwenye picha aliitupa jaani pamoja na maganda.

Kitunguu si bora. Kina salfa, na salfa ni adui wa rangi nyeupe ya risasi iliyomo kwenye picha za zamani. Limau ni asidi. Mafuta ya kupikia hayakauki vizuri, hivyo yananasa kila vumbi linalopita. Viazi vya Bomet vipikwe.

Kuna wanaosema nakala haifai kuhangaikiwa. Sikubali. Hata mchoraji Mwingereza William Hogarth mwenyewe alichora zaidi ya mara moja onyesho la *The Beggar's Opera*, tamthilia ya John Gay iliyochezwa London mwaka 1728, ambayo baadaye ilizaa kazi za mwandishi Mjerumani Brecht na *Opera Wonyosi* ya Wole Soyinka. Mwalimu wa fasihi anayetundika nakala ya mchoro huo darasani anafundisha kwa kuitumia. Itunzwe.

La kufanya ni hili. Iondoe picha kwenye ukuta wa nje, na isikae juu ya meko. Bandika vipande vya kizibo nyuma ya fremu ili hewa ipite. Geuza uone mgongo wake kila mwezi, kwa sababu kuvu mara nyingi huanzia huko. Ikiota, vaa barakoa, itoe nje kivulini siku kavu, iache ikauke kabisa, kisha ipanguse kwa brashi laini kavu. Rangi ikibanduka, usiguse. Ilaze chali, umwite fundi. Kama ni chapa ya mashine kwenye kanvasi, usiilowanishe hata kidogo. Vanishi isubiri picha ikomae, miezi sita hadi mwaka. Nakala ikiharibika kupita kiasi, kuichora upya huenda kukawa nafuu. Kama ni picha ya zamani yenye thamani, waulize wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya lolote. Na kama unadhani yako ndiyo Crispin na Scapin halisi ya Daumier, ile iko Musée d'Orsay, Paris.