Kabla Lipu Haijapigwa

Mnunuzi wa nyumba mpya ya safu, zile zinazoshikana ukuta kwa ukuta na ambazo siku hizi zinaota pembezoni mwa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, akiitwa na mwendelezaji aje achague apendavyo, huonyeshwa vigae. Huonyeshwa milango, rangi, kabati za jikoni, taa za kuning'inia. Bomba la maji taka hakuna anayemwonyesha, na yeye haulizi. Akishahamia ndipo anapotaka choo kisogee, jiko lipanuke na soketi iongezwe nyuma ya kitanda, na fundi anavunja vigae vilevile vilivyowagombanisha mke na mume dukani.

Kwa anayenunua nyumba ikiwa bado matofali matupu, ushauri wangu ni kwamba fedha ya mabadiliko ianzie kwenye kile kitakachofunikwa na lipu na zege. Kabati utalibadilisha hata baada ya miaka 10, na rangi utaipaka upya kila ukipata wageni. Maji na umeme vina nafasi yao moja ya bei nafuu, nayo hupita upesi.

Waliopanga Dandora, Nairobi, walilijua hili. Mradi ule ulioanza katikati ya miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia ulikuwa na viwanja takriban 6,000, na wengi wa waliogawiwa hawakukabidhiwa nyumba kamili. Walikuta choo na bafu vimeshaunganishwa na bomba la maji na la maji taka. Vyumba walijenga wenyewe, kila mmoja kwa ramani na mfuko wake. Uhuru wa kupanga vyumba uliachwa kwa mwenyeji, lakini sehemu ya maji haikuachwa ibahatishwe.

Chukua hesabu ya choo. Bomba la inchi 4 la maji machafu kwa kawaida hulazwa kwa mteremko wa 1 kwa 40, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita. Choo cha ghorofani ukikisogeza mita 4 kutoka kwenye bomba la wima, bomba la kulala litahitaji kushuka sentimita 10, na hapo hujahesabu unene wa bomba lenyewe. Slabu nyingi za nyumba hizi zina unene wa sentimita 15 hivi, na ndani yake mna nondo. Bomba halina pa kupita. Itabidi lining'inie chini ya slabu, juu ya vichwa vya watu sebuleni, ulifiche kwa dari ya jipsamu. Au sakafu ya bafu inyanyuliwe na uwe unapanda ngazi kwenda chooni. Yote yanawezekana kwa mwenye fedha. Mara nyingi, hata hivyo, inatosha kugeuza mlango na kuhamisha sinki la kunawia, ambalo bomba lake jembamba halina madai makubwa, choo kikabaki pale kilipo.

Huku chini mambo ni mepesi zaidi, ili mradi zege la sakafu halijamwagwa: sururu, koleo, na mtaro mpya umepatikana. Ila uliza chemba ziko wapi. Katika safu ya nyumba, maji taka ya majirani kadhaa huweza kufuata mstari mmoja unaopita uani kwako. Ukijenga jiko la nje juu ya chemba hiyo, siku itakapoziba utavunja sakafu yako kwa ajili ya uchafu wa watu wengine.

Swali linaloulizwa kuliko yote ni ukuta gani unaweza kuondoka. Watu hugonga kwa ngumi wakasikiliza. Ngumi haitoi jibu. Nyumba nyingine zina fremu ya nguzo na mihimili ya zege, matofali yakijaza nafasi tu, na hapo kuta za ndani nyingi zinaondoka bila kishindo. Nyingine, na hasa za mawe ya kuchonga zilizozoeleka Nairobi, hubebwa na kuta zenyewe, na slabu imekalia ukuta unaotaka kuubomoa. Panda juu uangalie: kama kuna ukuta mwingine umesimama palepale, usiguse kabla mhandisi hajaona michoro. Wala si vikwazo vya leo. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar walipimiwa upana wa chumba na urefu wa boriti za mikoko.

Hata kuchimba mifereji ya nyaya kuna kanuni. Mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta. Wa mlalo, ambao hudhoofisha zaidi, usizidi sehemu moja ya sita. Katika tofali la inchi 6 hiyo ni milimita 25 tu. Fundi umeme anayekata ukuta mzima kwa mlalo ili aokoe mita mbili za waya asimamishwe.

Ukuta unaokutenganisha na jirani ni habari nyingine. Nusu yake machoni pako ni yako, lakini kazi yake ni ya wote wawili: unazuia moto, sauti na mwizi. Muulize mwendelezaji kama umepandishwa hadi chini ya bati. Katika safu nyingi huishia kwenye dari, na juu ya hapo kuna uwazi mmoja toka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Moto ukianzia nyumba ya tatu, unasafiri kupitia humo. Kijana mwembamba mwenye tochi naye vilevile. Kama ningeruhusiwa badiliko moja tu, ningelipia tofali za kuziba pengo hilo, tena kabla ya kufikiria jiko la kisasa. Jambo la pili ni soketi: zisikae mgongo kwa mgongo na za jirani, kwani tundu mbili zinazokutana hupunguza ukuta pale ambapo redio yake na ugomvi wenu hupita.

Nyumba ya katikati, isitoshe, ina nyuso mbili tu za kupokea hewa na mwanga, mbele na nyuma. Uani kukijengwa chumba cha ziada kuanzia ukuta hadi ukuta, chumba kilichokuwa na dirisha kinageuka stoo. Acha hata mita mbili wazi. Kuhusu kuunganisha jiko na sebule, mtindo unaoombwa na karibu kila mtu, mimi nasema ni mzuri kwa wasiokaanga samaki. Na kama mtungi wa gesi utakaa nje, bomba la kupitisha mpira wake liwekwe ukutani mapema. Ukikaa ndani, tundu la hewa liwe karibu na sakafu, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini.

Ukichagua bomba la kuogea, pima kwanza urefu wa tangi. Tangi lililo mita 2 juu ya bafu linatoa msukumo wa bar 0.2, ilhali mabomba mengi ya kigeni ya kuchanganya maji ya moto na baridi hutaka bar 1, sawa na mita 10. Utahitaji pampu, na pampu inataka soketi yake na mahali isikosumbua usingizi. Hita ya kuogea ya kilowati 5.5 nayo huvuta ampea 24 hivi. Ipewe waya wake toka kwenye boksi kuu, isidandie waya wa soketi. Mwambie fundi alaze na bomba tupu la umeme hadi paani kwa ajili ya sola, hata kama paneli hizo ni ndoto za miaka mitano ijayo.

Kabla ya lipu, mabomba ya maji yajazwe na kusukumwa kwa pampu ya majaribio. Sakafu ya bafu izibwe na kuachwa na maji kwa saa 24. Kisha piga picha kila ukuta, futi ya kupimia ikiwa imenyooshwa kwenye picha, ili siku ya kutoboa usiulize wapi pana bomba.

Makubaliano yaandikwe: mchoro, bei, siku zitakazoongezeka. Dai pia urejeshewe bei ya kile kinachoondolewa, maana mwendelezaji hukumbuka kutoza sinki jipya na husahau kupunguza la zamani. Ukiamua kumwingiza fundi wako mwenyewe kabla ya makabidhiano, pata ruhusa kwa maandishi. La sivyo bafu likivuja ndani ya kipindi cha dhamana, mkandarasi atamnyooshea kidole fundi wako, naye fundi atamnyooshea mkandarasi.