Mashine ya Kukata Majani: ya Petroli au ya Umeme?

Mvua zinapoanza Mkoani Katavi mwezi Novemba, katibu wa chama cha msingi hukabiliwa na jambo ambalo halimo katika ajenda: majani. Kabla ya Krismasi uwanja wa ghala huwa umekwisha kufunikwa, na kufikia Machi majani humfika mtu kifuani. Nyoka hupata maficho, panya hupata njia ya kuingilia ghalani, na mvua zinapokatika mwezi Aprili au Mei majani hayo hukauka yakawa kuni za kuuchoma uwanja mzima. Chama ambacho marobota ya tumbaku ya wanachama wake yamo ghalani hakiwezi kulichukulia jambo hili kuwa ni la usafi tu.

Zamani vijana waliitwa, wakapewa mafyekeo, kazi ikaisha. Siku hizi mashine za kukata majani zimeenea madukani, nazo si ajabu kuzikuta katika makisio ya vyama. Swali linaloletwa mbele ya Bodi ni ipi inunuliwe, ya petroli au ya umeme. Lakini kabla ya kuuliza mashine inakula nini, yafaa kuuliza itatembea juu ya nini.

Mashine ya kwanza ya kukata majani ilibuniwa na Mwingereza Edwin Budding mwaka 1830, naye alichukua wazo lake katika mtambo wa kupunguza manyoya ya nguo kiwandani. Ilikusudiwa bustani za ukoka zilizosawazishwa. Mashine za magurudumu za leo, ziwe za petroli au za umeme, bado zinataka ardhi ya namna hiyo. Viwanja vingi vya Mpanda vilikuwa misitu ya miombo hadi juzi: vina visiki, vichuguu na mawe. Kisu cha mashine ya magurudumu kikigonga kisiki, mhimili wake huweza kupinda siku hiyo hiyo. Kwa uwanja wa ghala, chombo kinachofaa ni mashine ya kuning'iniza begani, yenye mpini mrefu na uzi wa nailoni au kisu mwishoni. Namna ya uzi ilibuniwa na George Ballas wa Houston, Marekani, mwaka 1971, baada ya kuona brashi za kuoshea magari zikizunguka. Uzi hukata majani laini bila kuogopa jiwe. Majani magumu yanataka kisu.

Mashine nyingi za petroli za begani hutumia petroli iliyochanganywa na oili, kama pikipiki za zamani. Hapo ndipo nyingi hufia. Kitabu cha mashine kikisema sehemu 40 za petroli kwa moja ya oili, basi lita 5 za petroli hutiwa mililita 125 za oili, wala si kwa kukisia kwa kifuniko cha chupa. Oili ikipungua, pistoni hukwama. Ikizidi, plagi huziba. Petroli iliyoachwa ndani ya tangi tangu Mei hadi Novemba huacha gundi katika kabureta, na mashine ikikataa kuwaka husemwa kuwa ni mbovu. Msimu ukiisha, tangi limwagwe na injini iachwe iwake hadi izime yenyewe.

Ya umeme haina kabureta wala oili, na kelele zake ni chache. Ile ya waya, hata hivyo, ni mfungwa wa soketi. Mashine ya wati 1,500 ikivutiwa umeme kwa waya mwembamba wa mita 50 hupoteza volti 15 au zaidi njiani. Mota hupata joto na nguvu hupungua. Aidha, waya wenyewe hulala katika majani yale yale yanayokatwa, tena mara nyingi yakiwa na umande. Atakayeitumia sharti awe na swichi ya kinga inayokata umeme mara unapovuja. Ya betri imeuondoa waya huo. Betri ya volti 40 na ampea-saa 5 hujazwa kwa takriban robo ya yuniti ya LUKU, gharama ambayo ni ndogo mno ukilinganisha na petroli. Lakini kwa kawaida huisha ndani ya saa moja ya kazi, na katika majani mazito mapema zaidi. Betri ya pili hupandisha sana bei ya ununuzi.

Tena umeme wenyewe uwepo. Kwa miaka mingi mji wa Mpanda uliwashwa kwa jenereta za dizeli za TANESCO, mbali na Gridi ya Taifa, na wakazi wake wanaijua vizuri maana ya mgawo. Katibu aangalie hali ilivyo katika kijiji chake, si mjini.

Sasa hesabu. Tuseme uwanja hufyekwa mara 3 kwa msimu, na kila mara huhitaji vibarua 4 kwa siku 2. Hizo ni siku-kazi 24. Mtu mmoja mwenye mashine ya petroli akimaliza kwa siku moja, zitabaki siku-kazi 3, pamoja na lita 18 kwa msimu. Zimeokolewa siku-kazi 21. Kama ujira ni shilingi 10,000 kwa siku, hizo ni shilingi 210,000. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, toa 54,000. Hubaki 156,000, bila kuhesabu oili na uzi. Mashine ya shilingi 600,000 itachukua karibu miaka minne kurudisha bei yake. Kila katibu aweke bei za kwake. Bei kikomo ya petroli kwa kila mji hutangazwa na EWURA kila mwezi. Na Bodi ijiulize kwa uaminifu kama mashine itafika mwaka wa nne, na kama ujira uliokuwa ukienda kwa vijana wa wanachama wenyewe ulikuwa hasara kweli.

Vyama viwili au vitatu vilivyo jirani vikishirikiana mashine moja ya petroli, hesabu hubadilika kabisa, mradi iwepo daftari la zamu na mtu mmoja anayeiwasha.

Nyumbani mambo ni mengine. Ua wa udongo unaofagiwa kila asubuhi hauhitaji mashine yoyote. Mwenye ukoka wa mita 10 kwa 10 karibu na soketi atatosheka na ya umeme, au hata ile ya kusukuma kwa mkono.

Ikinunuliwa, fedha yake itoke katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu, na mashine iandikwe katika daftari la mali za kudumu. Mtumiaji avae miwani na viatu vigumu, na watu wakae umbali wa mita 15, kwani jiwe hurushwa kama risasi. Dumu la petroli lisilale ndani ya ghala la tumbaku hata usiku mmoja.