Baba amesahau chakula cha mchana, lakini Mzee Ojwang' anamkumbuka

JIONI moja mwaka jana baba yangu alivaa koti, akachukua fimbo yake na kutuaga. Alisema anakwenda nyumbani. Tulikuwa nyumbani kwake, katika nyumba aliyoijenga kwa mkono wake, kwenye sebule yenye picha ya harusi yake ukutani. Kaka yangu akamwambia, "Baba, hapa ndipo nyumbani." Baba alimtazama kama abiria anayedanganywa na makanga kuhusu nauli, kisha akaendelea kuelekea mlangoni.

Ilikuwa hivyo karibu kila jua lilipotua. Asubuhi alikuwa mtulivu, anakunywa chai na kuuliza habari za mvua. Ikifika saa kumi na mbili anaanza kutembea huku na huko, anashika kitasa cha mlango, hagusi chakula. Siku moja tulizembea akatoka. Mwendeshaji wa bodaboda anayemfahamu alimkuta amesimama kituoni, akamrudisha akiwa amelowa mvua.

Mimi ni muuguzi, na hali hiyo nimewaeleza watu wengi kazini. Mtu mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao madaktari huuita dimenshia, mara nyingi huzidiwa jioni. Amechoka, mwanga umepungua, vivuli vinamchanganya, na saa ya mwili inayotenganisha usiku na mchana imevurugika. Kuwaeleza wengine nilijua. Kwa baba yangu mwenyewe nilibaki mikono mitupu.

Aliyepata jibu ni binti wa kaka yangu, msichana wa miaka kumi na minne ambaye sisi watu wazima tulikuwa tukimgombeza kwa sababu ya simu. Sisi tulikuwa tunabishana na mzee. Yeye alimuuliza, "Babu, unaharakisha nini huko nyumbani?"

"Vitimbi vinaanza," akajibu. "Mama yenu ameshawasha televisheni."

Msichana hakujua Vitimbi ni nini. Alitafuta kwenye simu, na punde Mzee Ojwang' alikuwa kwenye kioo na miwani yake mikubwa, akigombana na Mama Kayai. Baba aliketi akiwa bado amevaa koti. Akacheka. Wifi yangu akaisukuma ile sahani ya ugali na sukuma wiki mbele yake bila kusema neno, naye akala yote.

Wasomaji waliopita umri wa miaka 40 hawahitaji kuelezwa. Kwa vijana: televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na kwa muda mrefu ilikuwa ni kituo kimoja tu, Sauti ya Kenya, kilichokuja kuitwa KBC mwaka 1989. Kituo cha kwanza cha kibinafsi, KTN, kilikuja mwaka 1990. Kwa hiyo nchi nzima, au angalau kila aliyekuwa na runinga na majirani zake, ilitazama kitu kimoja. Vitimbi, Vioja Mahakamani, Tausi, Omo Pick-a-Box, na kwa wapenda soka, Football Made in Germany na sauti ya Toby Charles. Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang', alifariki Julai 2015, na wapo walioshangaa kusikia kwamba yule mzee wa lafudhi ya Kijaluo alikuwa Mkikuyu.

Kwetu kijijini runinga ilikuwa nyeusi na nyeupe na ilitumia betri ya gari. Betri ilipelekwa sokoni kuchajiwa, na kama mtu alitazama mpira mpaka ikaisha kabla ya Vitimbi, kulikuwa na kesi nyumbani. Majirani walikuja na vigoda vyao. Mama aliketi karibu na mlango ili akimbilie sufuria jikoni. Hayo yote, siyo kipindi peke yake, ndiyo baba alikuwa akiyaendea jioni zile alizovaa koti.

Sasa, kwa nini mtu asahau chakula cha mchana na amkumbuke Mzee Ojwang'? Katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo cha dimenshia kwa wagonjwa kati ya 60 na 70 katika kila 100, sehemu ya ubongo inayoharibika mapema ni ile inayopokea mambo mapya na kuyahifadhi, iitwayo hipokampasi. Cha leo hakipati pa kukaa. Ya zamani yalikwishawekwa sehemu nyingi za ubongo, yakasimuliwa na kuchekewa mara mia, na huchukua muda mrefu zaidi kufutika. Watafiti wameona pia kwamba watu wazee hukumbuka zaidi mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 kuliko ya vipindi vingine vya maisha.

Baba alizaliwa mwaka 1946 na alinunua runinga akiwa na miaka arobaini hivi, kwa hiyo haingii vizuri katika hesabu hiyo. Tulipomwekea nyimbo za Daudi Kabaka, za ujana wake, aliimba maneno ambayo mimi sikuwa nimewahi kumsikia akiimba. Kama una mzee nyumbani, piga hesabu ya miaka yake kwanza. Huenda kinachomgusa ni cha kabla ya runinga kabisa, redio au wimbo wa kanisani.

Zamani hamu hii ya mambo yaliyopita ilihesabiwa kuwa ugonjwa. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari wa Uswisi, Johannes Hofer, aliipa jina la kitabibu, akiwazungumzia watu waliodhoofika wakiwa ugenini kwa kutamani kwao. Hata katika karne ya 20, mzee aliyerudia hadithi za zamani alionekana kwamba akili yake inachoka. Ni mwaka 1963 ambapo daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba kukumbuka huko ni kazi ya kawaida ya uzeeni: mtu anapitia maisha yake na kuyaweka sawa. Tangu hapo wauguzi na wahudumu katika nchi nyingi hutumia picha, nyimbo na vipindi vya zamani kuzungumza na wagonjwa wa kumbukumbu.

Nisikuuzie dawa isiyokuwepo. Uchambuzi wa majaribio 22 uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba njia hii huweza kusaidia hali ya maisha, mawasiliano na hisia za mgonjwa, lakini faida ni ndogo na hutofautiana toka mahali hadi mahali. Hairudishi kumbukumbu. Baba hajaanza kujua leo ni siku gani. Anakula chakula cha jioni, na hashiki kitasa cha mlango kila siku. Kwetu hilo si dogo.

Lakini kabla hujafika kwenye vipindi vya zamani, kuna kosa letu ambalo sitaki ulirudie. Tulipoteza karibu mwaka mzima. Baba alipoanza kupotea njia ya kutoka sokoni na kuuliza swali moja mara tano, tulimpeleka kwenye kituo kimoja cha afya tukaambiwa ni uzee tu. Na mimi, muuguzi, nilikubali kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Uzee peke yake haumfanyi mtu apotee kwenye njia aliyoipita miaka thelathini. Kuna mambo yanayoweza kufanana na dimenshia na yanatibika: upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, kaswende ya muda mrefu, VVU, sonona, hata baadhi ya dawa za usingizi na za mzio. Na kama mzee amechanganyikiwa ghafla, kwa siku au saa chache, usingoje zamu ya kliniki. Inaweza kuwa nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, sukari iliyoshuka au kiharusi. Huyo apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Vipimo vilipofanyika hatimaye, daktari alisema ni dimenshia kweli. Lakini pia alikuta masikio ya baba yamejaa nta na jicho moja lina mtoto wa jicho. Miezi mingi tulikuwa tukilalamika kwamba hatazami televisheni, kumbe alikuwa haioni vizuri wala haisikii. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitoa mwaka 2024 orodha ya mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa katika maisha ya watu, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu nusu ya visa vya dimenshia. Kupungua kwa usikivu kumo, na kutoona vizuri bila kutibiwa kumo, pamoja na shinikizo la damu, kisukari, sigara na upweke. Masikio ya mzee wako yaliangaliwa lini mara ya mwisho?

Jambo moja lilitushinda, na bado sina hakika tumelitatua. Katikati ya kicheko cha Vitimbi, baba aligeuka akauliza, "Mama yenu yuko wapi? Mwiteni, anakosa." Kaka yangu, ambaye ni mzee wa kanisa na hapendi uongo, alimjibu ukweli: mama alifariki mwaka 2016. Baba alilia kama siku ya mazishi, kwa sababu kwake ndiyo ilikuwa siku ile. Kesho yake aliuliza tena. Kaka akajibu tena. Siku ya tatu nikamwomba aache.

Tulibishana jikoni kwa sauti ya chini. Yeye alisema kumficha baba kifo cha mkewe ni kumdharau. Mimi nilisema kumfisha mkewe kila jioni ni ukatili. Tulichokubaliana ni hiki: akiuliza yuko wapi, tunamuuliza habari zake. "Mama alimpenda nani zaidi kwenye Vitimbi?" Baba hujibu bila kusita: Mama Kayai, kwa sababu alijua kumnyoosha mume. Kisha anasimulia, na kiu ya kumwita inapungua. Lakini akituuliza moja kwa moja, "Amekufa?" tunasema ndiyo, huku tumemshika mkono. Kaka hajaridhika sana. Mimi pia kuna jioni siridhiki.

Kwa hiyo ukijaribu njia hii, kaa naye. Usimwekee simu ukaenda zako, kwa maana hujui kipindi kitafungua mlango upi. Chagua wewe mwenyewe, kwa sababu simu ikiachwa hukimbia kutoka kichekesho hadi taarifa za ajali na vita, na mgonjwa hawezi kutofautisha ya leo na ya zamani. Kama unaweza, tumia kioo kikubwa. Nusu saa hivi inatosha, na kwetu tunaanza kabla ya jua kuzama, taa zikiwa zimewashwa. Tena usimtahini. "Unamkumbuka huyu? Anaitwa nani?" ni mtihani, na mtu aliyefeli mtihani mbele ya wajukuu hukasirika au hunyamaza. Sema wewe: "Huyu Ojwang' ana vituko," kisha ngoja. Akiwa hataki, au akigeuza uso, zima.

Nanyi wazazi wa watoto wadogo, mnaoniuliza kila mara kuhusu katuni, nina neno moja hapa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Watu hushika hizo saa na kusahau upande wa pili, wa nani ameketi kando ya mtoto. Sisi tulitazama saa chache kwa sababu betri iliisha, siyo kwa sababu wazazi wetu walikuwa na busara kuliko ninyi. Lakini tulitazama pamoja, tukabishana, tukaulizana. Mwaka 1987 kulikuwa na mchezo wa Tushauriane, uliogusia uzazi wa mpango, na nakumbuka mama akiuliza swali mbele ya majirani ambalo asingeliuliza kliniki. Baba alijifanya anarekebisha antena.

Binti wa kaka yangu sasa ndiye fundi wa jioni zetu. Ametengeneza orodha ya vipande anavyovipenda babu yake na vile vya kuepuka, na vya kuepuka ameviandika kwa kalamu nyekundu. Wiki iliyopita nilifika bila kutangaza, nikawakuta wameketi bega kwa bega. Baba alikuwa amevaa koti. Nikashtuka, nikadhani imeanza tena.

"Hapana, shangazi," akaninong'oneza. "Anasema betri iko karibu kuisha, kwa hiyo amejiandaa kuipeleka sokoni."

Nikaketi karibu na mlango, mahali pa mama. Ojwang' alikuwa ameshikwa uongo na mkewe kwa mara ya tatu jioni ile, na baba alicheka kana kwamba hajawahi kukiona kisa hicho maishani.