Lahajedwali na Hifadhidata: Ufafanuzi wa Istilahi za Msingi kwa Watafiti wa Kiswahili

Ikisiri

Watafiti wengi wa isimu ya Kiswahili huhifadhi data zao katika majedwali ya kompyuta, lakini istilahi wanazotumia kuyaeleza hazitofautishi vya kutosha zana mbili zenye mantiki tofauti: lahajedwali na hifadhidata. Makala haya yanafafanua dhana za msingi za zana hizo kwa kutumia mfano wa ngeli za nomino, na yanaonesha kwamba mkanganyiko wa istilahi hizo huathiri uchanganuzi wenyewe.

1.0 Utangulizi

Katika usahihishaji wa tasnifu za uzamili, si jambo geni kukutana na kauli kwamba mtafiti ameunda "hifadhidata" ya nomino, methali au majina ya mahali. Mara nyingi kilichoundwa ni jedwali moja refu katika programu ya Excel. Jedwali hilo laweza kuwa na manufaa makubwa. Tatizo ni kwamba jina lililopewa linaahidi udhibiti wa data ambao haupo. Msomaji anayeamini jina hilo ataamini pia hesabu zilizotokana nalo.

2.0 Lahajedwali

Istilahi hii imeundwa kwa kuambatanisha laha, yaani karatasi, na jedwali. Uundaji huo unaafiki historia ya dhana yenyewe, kwani kabla ya kompyuta wahasibu walipanga hesabu zao katika karatasi pana zilizopigwa mistari. Programu ya VisiCalc, iliyobuniwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kutolewa mwaka 1979, iliihamishia karatasi hiyo katika kompyuta ndogo. Excel ilifuata mwaka 1985.

Kipashio cha msingi cha lahajedwali ni seli, inayotambulishwa kwa anwani kama B7: herufi ni ya safu wima, namba ni ya safu mlalo. Hapa neno safu peke yake halitoshi. Katika matumizi ya kawaida, safu ya askari yaweza kuwa ya mlalo, ilhali safu ya gazeti ni ya wima. Vivumishi mlalo na wima ndivyo vinavyoondoa utata huo, na havipaswi kudondoshwa.

Seli hupokea maandishi, namba au fomula. Fomula hurejelea anwani za seli nyingine, na matokeo yake hubadilika pindi thamani za seli hizo zinapobadilika. Aghalabu seli haihoji kinachoandikwa ndani yake, bali hukifasiri kwa mazoea ya programu. Mtafiti anayeandika 7/8 kwa maana ya ngeli ya KI-VI huweza kukuta seli imegeuza maandishi hayo kuwa tarehe: 7 Agosti au 8 Julai, kutegemea mpangilio wa kompyuta yake. Wanajenetiki waliwahi kufikwa na hali kama hiyo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo uliohalalisha mabadiliko kama ya SEPT1 kuwa SEPTIN1, kwa kuwa programu za lahajedwali ziliichukulia alama ya awali kuwa tarehe ya mwezi Septemba.

3.0 Hifadhidata

Istilahi hifadhidata hushindana na kanzidata, ambamo kanzi humaanisha hazina. Zote mbili hutaja mahali pa kuwekea data, wala hazidokezi muundo wake. Ilhali muundo ndio kiini cha dhana. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, alipendekeza kwamba data zipangwe katika majedwali yanayohusiana, na pendekezo hilo ndilo msingi wa hifadhidata nyingi za leo.

Katika muundo huo, kila safu mlalo ni rekodi, yaani taarifa za kitu kimoja. Kila safu wima ni uga, na uga hutangaziwa mapema aina ya data utakayopokea. Ufunguo msingi ni thamani inayoitambulisha rekodi moja pasipo kurudiwa. Jedwali la pili huutaja ufunguo huo ili kujiunga na la kwanza. Ulizo ni agizo la kutafuta rekodi zinazotimiza masharti fulani. Baadhi ya waandishi hutumia hoja kwa dhana hii, lakini neno hilo lina kazi nyingine nzito katika maandishi ya kitaaluma.

4.0 Mfano wa Ngeli

Tuchukue orodha ya nomino 1,000. Katika lahajedwali, mtafiti huandika ngeli kando ya kila nomino. Akiandika KI-VI mahali pamoja na KI/VI mahali pengine, kompyuta itahesabu ngeli mbili. Katika hifadhidata, ngeli zina jedwali lake: KI-VI huandikwa mara moja pamoja na viambishi vyake vya upatanisho, na kila nomino huelekezwa huko kwa ufunguo. Uhusiano ukishawekewa sharti, thamani isiyokuwamo katika jedwali la ngeli hukataliwa.

Faida kubwa zaidi huonekana katika nomino kama kijana, kipofu na kiboko. Kimofolojia zina ki- na vi-, lakini husemwa kijana amefika, vijana wamefika. Katika lahajedwali mtafiti aweza kuandika "KI-VI, ila A-WA" na kuendelea. Seli hiyo haitahesabiwa popote ipasavyo. Hifadhidata iliyosanifiwa vyema itamlazimu kutenga uga wa umbo na uga wa upatanisho. Kwa kufanya hivyo atakuwa ameshachukua msimamo wa kinadharia: kwamba ngeli ya kimofolojia na ngeli ya kisintaksia ni mambo mawili.

5.0 Hitimisho

Haidaiwi hapa kwamba kila mtafiti ahame lahajedwali. Kwa orodha fupi inatosha, na seli zake zaweza kutengwa kuwa za maandishi kabla ya kuandika 7/8. Kinachopendekezwa ni kwamba istilahi hifadhidata itumike pale tu penye nyuga zilizobainishwa, funguo na uhusiano wa majedwali. Pasipo hayo, mtafiti aseme ameunda jedwali, na aeleze alivyolihakiki. Hapo msomaji atajua ni kiasi gani cha kuamini hesabu zake.