Kuchagua Bunduki ni Kuchagua Masafa

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe tunaafiki, maana ardhi huitikia mkono kuliko chuma. Kwa bunduki hatuafiki hata kidogo. Jembe lisilofaa humchosha aliyelishika. Bunduki isiyofaa huweza kumwua jirani ambaye hata hakujua kuwa pana msako. Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu wetu leo kuzungumzia uchaguzi wa bunduki ya kuwindia, na mfano tuliouchukua ni bunduki ya wenzo ya Kimarekani. Wengi wetu tumeiona katika sinema za makauboi, lakini ni wachache waliowahi kujiuliza kwa nini iliundwa vile ilivyo.

Bunduki ya wenzo ni raifali ambayo chuma kinachokinga kifyatulio chake kimerefushwa nyuma kikawa kitanzi cha kutia vidole. Chuma hicho ndicho wenzo wenyewe. Mpigaji akikisukuma chini na mbele, komeo lililofunga mtutu hurudi nyuma, ganda la risasi iliyokwisha pigwa hutupwa nje, na nyundo hutegwa. Akikivuta juu, risasi mpya inayotoka katika bomba lililo chini ya mtutu huinuliwa na kuingizwa mahali pake. Yote hayo hutendeka bila ya bunduki kuondoka begani, na mwenye mkono wa kushoto hapungukiwi na kitu mbele ya mwenye mkono wa kulia.

Ubora huo wa kupiga haraka ndio ulioipa jina. Raifali ya Henry ya mwaka 1860 ilibeba risasi 16 katika zama ambazo askari wengi bado walikuwa wakishindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Mwaka 1877 jeshi la Dola ya Uthmaniya, chini ya Osman Pasha, lilizingirwa na Warusi katika mji wa Plevna, ambao leo umo katika Bulgaria. Waturuki walikuwa na bunduki za namna mbili. Kwa mbali walitumia Peabody-Martini, inayotia risasi moja moja lakini ikapeleka mbali. Adui alipokaribia handaki, waliikamata Winchester ya wenzo. Hawakuuliza ipi ni bora kati ya hizo mbili. Waliuliza adui yuko umbali gani. Plevna ilisimama kwa muda wa miezi mitano kabla ya kuanguka Desemba ya mwaka huo.

Funzo hilo la masafa ndilo linalotawala kila sifa ya bunduki hii. Winchester ya mwaka 1894, iliyobuniwa na John Moses Browning, ndiyo iliyoenea zaidi, kwani zilitengenezwa zaidi ya milioni saba. Risasi yake mashuhuri ni ile iitwayo .30-30, iliyotoka mwaka 1895 na ambayo ilikuwa miongoni mwa risasi za mwanzo za uwindaji nchini Marekani kutumia baruti isiyo na moshi. Uzito wa risasi hiyo ni kiasi cha gramu 10 au 11, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 700 kwa sekunde. Bunduki yenyewe ina uzito wa kilo tatu hivi na mtutu wa sentimita 51. Ni nyembamba, haikwami vichakani, na hukaa vyema ubavuni mwa farasi. Iliundwa kwa ajili ya kulungu wa misitu ya Marekani, ambaye kwa kawaida huonekana kwa umbali usiofika mita 100. Ikizidi mita 150 au 180, risasi huanza kushuka sana na nguvu yake hupungua. Mwindaji wa nyanda zilizo wazi anayeinunua kwa ajili ya jina lake atajeruhi wanyama wengi na kuwapata wachache.

Historia ya Afrika ya Mashariki inao mfano wake. Mwezi wa Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa kwa safari ndefu ya kuwinda. Katika shehena yake zilikuwamo Winchester za wenzo za mwaka 1895 zenye risasi nzito ya .405, na aliisifu sana kwa simba. Hata hivyo alichukua pia Springfield ya komeo kwa wanyama wa mbali, na bunduki kubwa ya mitutu miwili ya Holland & Holland kwa ndovu na kifaru. Mtu mwenye uwezo wa kununua bunduki yoyote duniani alikiri kwa vitendo kuwa hakuna moja inayotosha kwa kila kazi.

Baada ya masafa huja mambo ambayo mchaguzi mwangalifu hana budi kuyakagua. La kwanza ni ghala ya risasi. Katika bomba, risasi hulala moja nyuma ya nyingine, na ncha ya moja huegemea fataki ya ile iliyo mbele yake. Ncha ikiwa kali na ngumu, mshindo wa bunduki waweza kuipiga fataki na risasi ikalipuka ndani ya bomba. Ndiyo maana risasi za bunduki hizi hutengenezwa zikiwa butu, na ndiyo maana hupoteza mwendo upesi hewani. Zile zilizotiwa ncha laini ya plastiki zilikuja katika miaka ya 2000. Winchester ya mwaka 1895 iliepuka tatizo hilo kwa kutumia kisanduku badala ya bomba, na Savage 99 kwa ghala ya mviringo inayozunguka.

La pili ni mahali ganda linapotokea. Winchester ya mwaka 1894, kwa asili yake, hulitupa juu, kwa hivyo darubini ya kulengea haiwezi kukaa katikati; mtindo huo ulirekebishwa katika miaka ya 1980. Marlin 336, iliyotoka mwaka 1948, hulitupa ubavuni na juu yake imefunikwa, nayo hupokea darubini bila ya taabu. Kwa mwenye macho yaliyokwisha dhoofu, tofauti hiyo si ndogo.

La tatu ni usalama. Bunduki nyingi za zamani za aina hii hazina kufuli. Zina nyundo ya nje ambayo hulazwa katika nusu ya mtego. Kuilaza nyundo hiyo kwa dole gumba lenye jasho huku risasi imo mtutuni ni kazi inayohitaji mafunzo. Tena, katika nyingi ya bunduki hizo risasi zilizomo bombani hutolewa kwa kuchezesha wenzo mara kadhaa, na kila mara risasi hai hupita mtutuni. Kidole kisichokuwa na adabu hapo hakisameheki.

La nne, ambalo sisi watu wa visiwani tunalielewa zaidi, ni chumvi. Hewa ya bahari hula chuma usiku na mchana. Katika Marlin, msumari mmoja wa parafujo ukiondolewa, wenzo na komeo hutoka, na mtutu husafishwa kwa nyuma. Winchester haifunguki kwa wepesi huo, na mara nyingi husafishwa kwa mdomo wa mtutu. Anayenunua iliyotumika achungulie ndani ya mtutu kama pana mashimo ya kutu, atikise wenzo kama umelegea, na atazame kama mbao imepasuka nyuma ya chuma. Wala asidanganywe na jina: tangu mwaka 1964 kampuni ya Winchester ilirahisisha utengenezaji ili kupunguza gharama, na wajuzi hadi leo huthamini zaidi zile za kabla ya mwaka huo.

Sasa tuje nyumbani. Unguja na Pemba tatizo letu ni nguruwe mwitu wanaofukua muhogo na viazi vya mkulima. Wasasi wetu tangu zamani huwakabili kwa mbwa, nyavu na mikuki, na wenye leseni kwa bunduki za marisau. Wapo vijana wanaodhani kuwa raifali ingemaliza kazi hiyo kwa siku moja. Nasi twasema wahesabu masafa. Marisau makubwa hufanya kazi yake kwa hatua 40 hivi, na yakikosa huchoka upesi. Risasi ya .30-30, ambayo Wamarekani huiita ya karibu, ikirushwa juu kidogo huweza kwenda zaidi ya kilomita mbili. Katika Pemba, kilomita mbili kutoka shamba lolote ni kijiji cha pili, skuli, au kisima walipo akina mama. Katika uwanda wa Unguja, ambako ardhi ni jiwe tupu, risasi inayogonga mwamba hugeuka njia na hapana ajuaye itakapotua.

Tusisahau pia kuwa msitu wetu unao paa nunga, mnyama aliye hatarini kutoweka, na Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 imewekwa kulinda misitu na viumbe wake. Na dini yetu imeuwekea uwindaji adabu: hutajwa jina la Mwenyezi Mungu, mnyama wa halali akifikiwa yu hai huchinjwa, wala haijuzu kumtesa kiumbe kwa mchezo. Apigaye kwa mbali asikokuwa na hakika nako huivunja adabu hiyo kabla ya kuivunja sheria.

Rai yetu kwa maofisa wanaopokea maombi ya leseni ni hii: wasitosheke kumwuliza mwombaji anataka bunduki ya namna gani. Wamwulize atapiga nini, kwa umbali gani, na nyuma ya shabaha yake pana nini. Ikibidi wafuatane naye shambani, na sheha wa mahali awepo. Kwa wananchi, tunasisitiza kuwa msako ufanywe kwa pamoja na kwa taarifa, ili kila kaya ijue siku na upande. Muhogo ulioliwa na nguruwe hupandwa tena msimu ujao. Mtoto aliyepigwa na risasi iliyopotea hana msimu wa pili.